Bua la Mahindi ni la Nani? Somo la Nishati kwa Shule za Msingi za Mara

Mnamo Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini Musoma, na maazimio ya mkutano ule kila mwalimu wa nchi hii ameyasikia, japo kwa jina. Sehemu moja ya maazimio hayo, ile ya kuharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote, ilisukumwa kwa kishindo hadi kufikia 1977. Sehemu nyingine, kwamba masomo na kazi visitengane, bado tunaihangaikia. Si vigumu kumpeleka mtoto shambani na jembe. Kilicho kigumu ni kumfanya arudi darasani na swali alilolipata kule shambani.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi tulivyojaribu kufundisha somo la nishati kwa kutumia mabua ya mahindi katika shule tatu za mazoezi, moja kandokando ya Musoma mjini, moja Bunda na moja Butiama. Tutaeleza pia makosa tuliyoyafanya, kwa sababu wanachuo watakaokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha wanaweza kuyarudia. Jambo hili limekuwa la maana zaidi tangu Serikali ilipotoa Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Shule nyingi za vijijini bado hupika uji kwa kuni, na kuni hizo mara nyingi hufika shuleni kichwani mwa mtoto. Basi mwalimu anaposikia redioni kwamba mabua yaweza kuwa mkaa, gesi au hata mafuta ya gari, ni kawaida kupata hamu ya kulifanya somo hilo kesho yake.

Ndivyo tulivyofanya sisi.

Jinsi tulivyoanza vibaya

Katika andalio letu la kwanza tuliandika kwamba mabua ni takataka za shambani ambazo mwanafunzi anaweza kuzigeuza kuwa kitu cha thamani. Tuliwaagiza wanafunzi wa Darasa la Sita kila mmoja alete mzigo mmoja. Ilikuwa mwezi wa Agosti, mavuno ya masika yamekwisha. Kesho yake ilipatikana mizigo arobaini na mmoja, uzito wake kilo 78. Tukayachoma yote ndani ya pipa lililotobolewa chini, huku wanafunzi wakisimama upande wa upepo na kukohoa. Tulipofunua pipa tulikuta majivu mengi na kilo 9 tu za chenga za mkaa. Vitofali tulivyofinyanga kwa chenga hizo vilikuwa na maji mno, vikapasuka juani.

Siku ya tatu alifika shuleni mzee mmoja. Tulimwamkia, akapokea salamu, akakaa kwenye kiti tulichompa, akauliza habari za nyumbani kwetu na za mvua. Kisha akasema kwa upole, "Wanangu walimu, nani aliyewaambia kwamba mabua ni takataka?" Mjukuu wake alikuwa amechukua mzigo uliofungwa na kuegemezwa kwenye mti kando ya zizi, akiba ya ng'ombe kwa wiki za mwisho wa kiangazi. Watoto wengine walikuwa wamefanya vivyo hivyo. Hatukuwa na la kujibu isipokuwa kuomba radhi.

Tulipokaa kutathmini somo hilo jioni, tuligundua kwamba kosa letu halikuwa pipa wala maji katika vitofali, bali sentensi ya kwanza ya andalio. Mwalimu aliyeandika "takataka" amekwisha kulifunga swali ambalo somo zima lilipaswa kulifungua, nalo ni hili: bua la mahindi ni la nani?

Kuhesabu kwanza

Somo letu jipya lilianza kwa mizani na utepe, kwa kuwa hatukutaka tena kubahatisha. Mwanafunzi apime kipande cha shamba la shule chenye mita 10 kwa mita 10 baada ya mahindi kuvunwa. Ahesabu mashina yote yaliyomo. Kisha achague mashina kumi bila kupendelea manene, ayakate, ayakaushe juani siku kadhaa, ayapime. Katika shamba moja tulipata mashina 400, na yale kumi makavu yalikuwa na uzito wa gramu 800. Wanafunzi wakafanya hesabu wenyewe: shina moja gramu 80, kipande kizima kilo 32. Eka moja ina vipande kama hivyo takriban 40, kwa hiyo eka hiyo ilikuwa na kilo 1,280 za mabua makavu. Hesabu hii ni nzuri kwa Darasa la Tano na la Sita, maana ina eneo, wastani na uwiano ndani yake, wala hakuna mtoto atakayeuliza faida ya kuijua.

Sasa tuwaache wadai wajitokeze mmoja mmoja. Wa kwanza ni ng'ombe. Ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 250 hula karibu kilo 6 za malisho makavu kwa siku. Bua lote haliliki. Ng'ombe huchagua majani na sehemu laini, akaliacha shina gumu. Tukikadiria kwamba anakula nusu, basi mabua ya eka ile yanamtunza ng'ombe mmoja siku mia moja na chache. Kwa mtu wa Butiama au wa vijiji vya Bunda, siku mia moja ndicho kiangazi chenyewe. Hapo ndipo wanafunzi wetu walipoelewa kwa nini mzee alikuja shuleni.

Wa pili ni udongo. Katika kila tani ya mabua makavu mna kilo 6 hadi 8 hivi za naitrojeni, na potasi zaidi ya hiyo. Kwa eka yetu, naitrojeni peke yake inakaribia ile iliyomo katika kilo 20 za mbolea ya urea. Mabua yakichomwa, karibu naitrojeni yote hupotea na moshi. Kinachobaki katika majivu ni potasi na chokaa. Isitoshe, bua lililolazwa juu ya ardhi huzuia jua kali na kupunguza mmomonyoko mvua za kwanza zinapopiga udongo ulio wazi. Bwana shamba atakayealikwa darasani huenda akaongeza neno ambalo litawachanganya wanafunzi, nalo ni la haki: bua lililoachwa limesimama ni nyumba ya funza atoboaye mabua, ambaye hungoja humo mpaka msimu ujao. Tusiogope mchanganyiko huo. Mashauri ya kilimo mara nyingi huvutana namna hii, na mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kuyapima.

Mdai wa tatu ni jiko la mama, ambalo hutumia bua kuwashia moto, na pia ua wa nyumba. Nguvu za mdai huyu si kubwa mwezi wa Agosti, lakini mwezi wa Novemba, kuni zinapolowana, hazina mfano.

Baada ya hao ndipo tunapoweza kumkaribisha mgeni, yaani nishati ya kisasa.

Kimea na bua

Wanafunzi husikia kwamba magari ya nchi nyingine huendeshwa kwa spiriti ya mahindi, na ni kweli. Nchini Marekani spiriti hiyo, iitwayo ethanoli, huchanganywa na petroli kwa wingi sana. Hata jirani zetu wa Kenya, huko Muhoroni, walitengeneza spiriti kwa molasi ya miwa na kuichanganya na petroli katika miaka ya 1980. Lakini spiriti ya mahindi inayotajwa sana hutoka katika punje. Gunia la kilo 100 hutoa lita 40 hivi. Mwanafunzi apigiwe hesabu nyingine hapo: akila gramu 350 za unga kwa siku, gunia hilo litamtosha siku ngapi? Litamtosha zaidi ya miezi tisa. Kwa hiyo watu wenye busara waliuliza kama bua, lisilolika na binadamu, laweza kutoa spiriti badala ya punje. Jibu ni kwamba laweza, lakini kwa shida kubwa, na shida hiyo yaweza kuonyeshwa darasani kwa vitu vya nyumbani.

Andaa chupa tatu ndogo za maji, maputo matatu, hamira, sukari, unga wa mahindi, kimea cha ulezi na mabua makavu yaliyotwangwa yakawa kama pumba, kisha yakaoshwa kwa maji na kukaushwa tena. Pika uji mzito. Ukiwa bado una moto ambao kidole kinauvumilia, tia kimea na ukoroge. Katika muda wa nusu saa uji ule mzito utakuwa mwepesi kama maji ya mchele. Watoto wengi wa Mara wameliona jambo hili nyumbani togwa inapotengenezwa, lakini hawajawahi kuambiwa kwamba ni sayansi. Ndani ya kimea mna vimeng'enya, navyo hukata wanga vipande vipande mpaka uwe sukari. Tone la aidini, ile ya kupaka vidonda, hugeuza uji usio na kimea kuwa buluu nyeusi. Kwenye uji uliokwisha kuwa mwepesi rangi hiyo hufifia, na kimea kikipewa muda wa kutosha huenda isionekane kabisa.

Kisha katika chupa ya kwanza tia maji vuguvugu, sukari na hamira. Katika ya pili tia uji uliolainishwa kwa kimea, uliopoa, pamoja na hamira. Katika ya tatu tia mabua yaliyotwangwa, maji vuguvugu, kimea kiasi kile kile na hamira. Vika kila chupa puto. Puto la sukari litaanza kusimama kabla kipindi hakijaisha. La uji litakuwa limesimama asubuhi ya pili. Puto la mabua litabaki limelala, au litainuka kidogo tu kwa sababu kimea chenyewe kina wanga na sukari yake.

Jihadhari na swali moja ambalo lazima litaulizwa, kwani sisi lilitukuta hatuna habari. Mtoto atasema: "Mwalimu, mbona bua bichi ni tamu? Tunalitafuna kama muwa." Ni swali la heshima. Bua bichi lina maji ya sukari yanayopanda kwenda kwenye hindi. Mahindi yakikomaa sukari hiyo imekwisha kuhamia katika punje, na kinachobaki katika bua kavu ni kuta zake tu. Ndiyo maana tulisema mabua yaoshwe.

Kuta hizo zimejengwa kwa selulosi. Ajabu ni kwamba selulosi na wanga zote mbili ni minyororo ya sukari ile ile, glukosi. Tofauti iko katika namna ya kushikana. Tuliwapeleka wanafunzi uwanjani, tukawapanga mstari wakashikana mikono wote wakiangalia mashariki. Huo ndio wanga. Mstari wa pili tuliwapanga mmoja akiangalia mashariki na jirani yake magharibi, hivyo hivyo mpaka mwisho. Hiyo ndiyo selulosi. Mistari ya namna hii ya pili ikasogezwa ikabanana bega kwa bega, na watoto wengine wakaizunguka wakiwa wameshikamana ovyo ovyo, wao wakiwa lignini, ule ugumu unaofunga bua kama saruji. Mtoto mmoja akaitwa Kimea. Sheria yake ilikuwa kwamba anaweza kufungua mikono ya wale wanaoangalia upande mmoja tu. Alimaliza mstari wa wanga upesi, akabaki akizunguka kundi la selulosi bila kupata pa kuingilia. Walicheka sana, na katika jaribio la wiki iliyofuata wengi wao walijibu swali hili bila taabu.

Viwanda vikubwa vilikabili kundi lile lile. Katika miaka ya 2014 na 2015 vilifunguliwa nchini Marekani viwanda vitatu vya kutengeneza spiriti kwa mabua ya mahindi na mabaki mengine ya mavuno: kimoja Hugoton katika jimbo la Kansas, kingine Emmetsburg na kingine Nevada, vyote hivi viwili katika jimbo la Iowa. Kile cha Nevada, cha kampuni ya DuPont, kilijengwa kwa lengo la lita milioni 113 kwa mwaka. Mabua yalipaswa kwanza kulainishwa kwa joto au kemikali ili lignini ilegee, kisha kutiwa vimeng'enya maalumu vilivyogharimu fedha nyingi, na hata hapo sehemu ya sukari iliyopatikana ilikuwa ya aina ambayo hamira ya kawaida haiwezi kuichachusha. Mchanga na mawe yaliyookotwa pamoja na mabua yalikwaruza mashine. Kiwanda cha Hugoton kilisimama baada ya muda mfupi. Cha Nevada kilitangazwa kuuzwa mwaka 2017, na cha Emmetsburg kilisitisha kazi hiyo mwaka 2019. Tunawaeleza wanafunzi habari hii bila kuwacheka wenye viwanda. Waliokinunua kile cha Nevada, kampuni ya Verbio ya Ujerumani, waliacha spiriti wakaamua kutengeneza kwa mabua yale yale gesi ya methani, gesi ambayo mtambo wa samadi wa kijijini huitoa kila siku.

Ng'ombe kama kiwanda

Yuko mnyama aliyelitatua tatizo la selulosi zamani sana, naye amefungwa zizini kwa mzee wetu. Katika tumbo la kwanza la ng'ombe wanaishi vijidudu wenye vimeng'enya vya kukata selulosi. Ng'ombe hutafuna, hulirudisha bua kinywani, hulicheua, na vijidudu hao huendelea na kazi katika joto la digrii 39 hivi usiku na mchana, bila umeme. Basi bua lililopitia tumboni mwa ng'ombe halijapotea kwa nishati. Limetoa maziwa, limevuta plau, na samadi yake bado ina kaboni ya kutosha kuwasha jiko.

Mambo haya si mageni nchini. SIDO ilianza kujenga mitambo ya gesi ya samadi tangu 1975. CAMARTEC ya Arusha iliyoanzishwa 1981 ikaendeleza mtambo wa kuba la matofali uliofukiwa ardhini, na tangu 2009 ulikuwapo mpango wa taifa wa kuisambaza mitambo ya bayogesi majumbani. Mwanafunzi asifundishwe kwamba mtambo huu ni jambo rahisi. Ng'ombe wawili wanaolala zizini hutoa samadi mbichi kilo 20 hivi za kukusanywa, na gesi yake hukaribia robo tatu ya mita moja ya ujazo kwa siku, ambayo huwasha jiko dogo kwa saa mbili au tatu. Samadi hiyo huhitaji maji kiasi kile kile, lita 20 kila siku. Mwezi wa Agosti, katika kijiji ambacho kisima kiko mbali, lita 20 hizo ni safari ya msichana fulani, na msichana huyo yumo darasani mwetu. Aulizwe yeye kama mtambo huo utampunguzia mzigo wa kuni zaidi ya utakavyomwongezea wa maji. Tulipouliza, majibu ya watoto wa kando ya ziwa yalikuwa mbali kabisa na ya watoto wa Butiama.

Kwa jaribio la darasani zinatosha chupa tatu za lita moja na nusu. Ya kwanza iwe na samadi mbichi na maji. Ya pili mabua yaliyotwangwa na maji. Ya tatu samadi, konzi moja ya mabua na maji. Zivikwe maputo, zifungwe kwa kamba, zizungushiwe karatasi nyeusi na kuwekwa mahali pa joto. Yahitaji wiki mbili hadi tatu, kwa hiyo usianze somo hili wiki ya mwisho ya mazoezi ya kufundisha kama alivyofanya mmoja wetu. Chupa ya mabua matupu itakuwa nyuma sana ya nyingine. Sababu yake tuliieleza hivi: bakteria huhitaji kaboni kama sisi tunavyohitaji ugali, na naitrojeni kama tunavyohitaji mboga. Sehemu 20 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni huwafaa. Samadi ya ng'ombe iko katika kiwango hicho, lakini mabua yana sehemu 60 na zaidi. Ni ugali mtupu. Isitoshe, katika mtambo wa kweli mabua huelea na kufanya utando mgumu juu, gesi ikakosa njia.

Puto lisiwashwe moto darasani kwa hali yoyote. Gesi hiyo huwaka, na gesi ya siku za mwanzo ambayo haiwaki itamdanganya mwalimu akadhani ile ya baadaye nayo ni salama.

Mkaa wa magunzi

Sasa turudi kwenye mkaa, maana hatukutaka kuliacha somo lile kwa sababu ya aibu. Safari hii tuliacha mabua, tukatumia magunzi. Gunzi limekwisha kufika nyumbani pamoja na punje, kwa hiyo shamba halinyang'anywi kitu kipya. Ng'ombe hana hamu nalo. Nalo ni zito na gumu kuliko bua. Kwa kila kilo ya punje hupatikana gramu 150 hadi 200 za magunzi. Familia iliyovuna magunia kumi ya kilo 100 ina magunzi kilo 150 au zaidi.

Kazi ya pipa ifanywe na mwalimu au mtu mzima mwingine, wanafunzi wakitazama kwa mbali na kuandika saa. Siri yake ni kuziba hewa mara moshi mweupe mzito unapopungua na kuwa mwembamba wa buluu. Tukichelewa tunavuna majivu, kama tulivyovuna ile mara ya kwanza. Kazi ikienda vyema, kilo nne za magunzi makavu hutoa kilo moja ya mkaa. Chenga hutwangwa, zikachanganywa na uji wa muhogo, kikombe kimoja cha unga kwa vikombe kumi vya chenga, zikashindiliwa katika kopo na kuanikwa siku tatu au nne. Mchanganyiko ukibanwa kiganjani ushikamane bila kutoa maji.

Hapo wengi huishia, wakapiga picha. Sisi tunashauri somo liendelee mpaka kwenye sufuria. Chemsha lita moja ya maji kwa magunzi makavu, na lita nyingine kwa vitofali, ukipima uzito uliotumika kila upande. Kisha wanafunzi warudi nyuma wahesabu: vitofali vile vilitokana na kilo ngapi za magunzi? Watagundua kwamba zaidi ya nusu ya joto lililokuwamo katika magunzi limetoroka na moshi wa pipa. Mkaa hauzidishi nishati, huipunguza. Kinachonunuliwa kwa hasara hiyo ni jiko lisilo na moshi mwingi na mzigo mwepesi kubeba. Kwa mama anayepikia chumbani Musoma mjini, huenda bei hiyo inafaa. Kwa mama wa kijijini mwenye jiko la nje, magunzi yachomwe yalivyo. Na wa mjini asisahau kuambiwa kwamba mkaa wa aina yoyote, ukiwaka katika chumba kilichofungwa, hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini.

Kuhusu Bunda tuna neno moja zaidi. Huko pamba hulimwa sana, na kanuni za zao hilo humtaka mkulima ang'oe na kuteketeza masalia ya pamba baada ya mavuno ili wadudu wasivuke msimu. Miti hiyo ya pamba ni migumu, ina joto zuri, na itachomwa hata hivyo. Hapa mwalimu hahitaji kugombana na ng'ombe wa mtu. Yafaa tu mkaa au kuni hizo zitumike mapema, zisirundikwe nyuma ya jiko la shule zikawa maficho ya wadudu wale wale. Shule yetu ya Bunda ilipouliza swali la bua ni la nani, ilijibu kwa kuyaacha mabua ya mahindi kabisa na kuchukua pamba, na jibu hilo lilitoka kwa wanafunzi. Mwalimu Nyerere aliposhauri mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea kwamba wanafunzi washirikishwe katika kupanga na kuamua mambo ya shamba la shule, nadhani yetu ni kwamba alitazamia vikao vya namna hiyo, japokuwa hudumu muda mrefu kuliko kipindi cha dakika arobaini.

Kwa upande wa Butiama, tulirudi kwa yule mzee mwaka uliofuata kabla ya kuandaa somo. Tulimweleza hesabu ya siku mia moja. Akasikiliza, akasema kwamba ng'ombe wake hawali nusu. Wakichanjiwa vipande vidogo na kunyunyiziwa maji ya chumvi hula zaidi ya hapo. Tukaiandika sahihisho hilo katika andalio. Kisha akatupa magunia mawili ya magunzi na kumwita mjukuu wake ayabebe, naye kwa sauti ya kumsikia kila mtu akamkumbusha kwamba mabua yabaki pale pale kwenye mti.